Jinsi ya Kujaribu Laida ya Kuchora Ramani Ndani ya Pango la Lava: Kutoka Nairobi Hadi Suswa

Maswali ni yale yale kila muhula. Simu inatosha? Pango la karibu ni lipi? Mbona ramani yangu imelala upande? Mbona pango la mita 80 limetoka mita 71? Mwongozo huu unayajibu kwa kufuata kazi yenyewe, kuanzia mezani Nairobi hadi kulinganisha vipimo ukisharudi. Umeandikiwa mwanafunzi au klabu ya roboti yenye laida moja (kihisi kinachopima umbali kwa miale ya leza), kompyuta ndogo, na watu wanne wasioogopa kuchafuka.

Nadharia ni fupi. Mwaka 2007 picha za chombo cha Mars Odyssey zilionyesha mashimo meusi kwenye miteremko ya volkeno ya Arsia Mons huko Mirihi. Mwaka 2009 chombo cha Japani, Kaguya, kikaonyesha shimo katika eneo la Marius Hills, Mwezini. Wanasayansi wanayaona kama paa zilizoporomoka, huenda juu ya mapango yaliyochimbwa na lava iliyotiririka chini ya ganda lake lenyewe, kama yalivyochimbwa ya Suswa, volkeno yetu ya Bonde la Ufa. Roboti itakayoteremka humo haitakuwa na GPS wala mwanga. Haitakuwa hata na dira ya kuaminika, maana Mwezi na Mirihi hazina ugasumaku wa kuzunguka dunia nzima kama huu wetu. Pango la Suswa linakunyima vyote vitatu bila nauli ya roketi. Shirika la anga la Ulaya limefanya majaribio ya aina hii kwenye pango la La Corona huko Lanzarote, na NASA kwenye Lava Beds, California. Sisi tunatoka asubuhi na kurudi jioni.

Kabla ya kuendelea, shika hili: picha nzuri ya pango haithibitishi chochote. Programu itakuchorea pango la kuvutia hata kama limefupishwa mita tisa. Kinachothibitisha ni vipimo ulivyochukua kwa mkono, kwa njia isiyohusiana na laida. Ukitoka pangoni na picha tupu bila vipimo hivyo, ulienda matembezi.

Mahali

Usianzie Suswa. Anzia kwenye maegesho ya magari ya chini ya ardhi, usiku, magari yakiwa machache. Ongea na askari wa zamu na mwenye jengo mapema. Hakuna GPS, kuna nguzo za kutosha, na ukisahau kebo unapanda lifti. Mapango ya Mau Mau ndani ya msitu wa Karura yanafaa kwa kuzoea giza na dari ya chini, ila ni mafupi na wageni ni wengi. Omba ruhusa langoni, na usiweke kitu njiani.

Suswa ndilo pango la jaribio lenyewe. Unashuka Mai Mahiu, unashika barabara ya Narok hadi mji wa Suswa, kisha unapanda mlima kwa njia ya vumbi inayotaka gari la four-wheel. Mvua ikinyesha, ahirisha. Eneo ni hifadhi ya jamii ya Wamaasai: unalipa kiingilio na unachukua mwongozaji wa hapo hapo. Mweleze mapema kwamba mtakaa saa nne au tano sehemu moja, na mwulize sehemu ipi haina popo wengi. Yeye ndiye anayejua, na neno lake ndilo la mwisho.

Kwenye vilima vya Chyulu kuna pango la Leviathan, lenye zaidi ya kilomita 11, miongoni mwa mapango marefu ya lava duniani. Liache hadi mtakapokuwa na majaribio matatu safi mkononi. Na pango la Kitum la Mlima Elgon lisiwe kwenye orodha yako kabisa: visa vya virusi hatari vya Marburg vya 1980 na 1987 vilihusishwa na watu waliolitembelea.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Kwa upande wa mashine, mwongozo huu unatumia laida ya Livox Mid-360 kwa sababu ni nyepesi (gramu 265), ina kihisi mwendo (IMU) ndani yake, na inapima nukta 200,000 kwa sekunde. Ndiyo itakayokula bajeti. Vingine vyote unavipata Luthuli Avenue na kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi.

- Raspberry Pi 4 ya GB 8, yenye Ubuntu 22.04 na ROS 2 Humble (programu za kuendeshea roboti)
- SSD ya nje ya GB 250 au zaidi, ichomekwe kwenye tundu la buluu la USB
- Betri ya LiPo ya seli 4, mAh 5000, na kengele yake ya volti ya chini
- Kipunguza volti cha kutoa volti 5, ampea 3 au zaidi
- Kebo fupi ya mtandao, kebo ya laida, na akiba ya kila moja
- Fimbo ya aluminiamu ya mita 1.2 au fremu ya begi la mgongoni

Hesabu ya umeme: laida hula kama wati 6.5, Pi na SSD kama wati 8. Weka wati 20 kwenye hesabu ili ujipe nafasi. Betri hiyo ina wati-saa (Wh) 74. Ukitumia asilimia 80 unapata Wh 59, yaani karibu saa tatu. Laida inakubali volti 9 hadi 27, kwa hiyo inaunganishwa na betri moja kwa moja. Pi haikubali. Ukichanganya nyaya hizo mbili utanunua Pi nyingine.

Kwa upande wa vipimo vya mkono:

- Mita ya leza ya kufika mita 40 au 50, yenye kosa la milimita 2 hivi
- Mpira wa maji unaoona ndani, mita 15, pamoja na maji yaliyotiwa rangi
- Futi ya fundi ya mita 5
- Shabaha 14: kadi nyeupe ngumu ya A4, katikati yake kipande cha sentimita 5 kwa 5 cha reflekta inayobandikwa malori, pande zote mbili
- Chupa 14 za lita 1.5 zilizojazwa mchanga, za kushikilia kadi
- Daftari na penseli. Kalamu ya wino hugoma kwenye karatasi yenye vumbi na jasho.

Dira usibebe kwa ajili ya vipimo. Miamba ya volkeno ina chembe za madini ya chuma, na sindano itayumba kutoka hatua moja hadi nyingine. Kuna wanaokuja na dira ya simu, wanapata kona ambayo pango halina, kisha wanailaumu laida.

Usalama: helmeti na taa tatu kwa kila mtu (ya kichwani, ya mkononi, ya akiba), betri za akiba, glavu, pedi za magoti, barakoa za N95, maji lita 3 kila mmoja. Barakoa si mapambo. Vumbi lenye kinyesi cha popo linaweza kubeba kuvu wa histoplasmosisi, na nyinyi mtalitimua kwa miguu saa nzima.

Je, simu yenye laida inatosha? Kwa kuchora jiwe moja, ndiyo. Kwa pango, hapana: inaona kama mita 5 tu, na dari za Suswa mara nyingi ziko juu zaidi ya hapo. Droni nazo ziache nyumbani. Zinataka kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na rubani anayeanza atagonga dari kabla hajapata data.

Hatua

1. Unganisha na ujaribu mezani. Laida huja na anwani ya 192.168.1.1XX, ambapo XX ni tarakimu mbili za mwisho za namba yake ya utambulisho. Ipe kompyuta 192.168.1.5, barakoa ya mtandao (subnet mask) 255.255.255.0. Kisha fungua faili la MID360_config.json la livox_ros_driver2, programu inayounganisha laida na ROS 2, na uweke anwani ya kompyuta kila mahali inapotajwa. Inatajwa mara kadhaa, na kosa la kawaida ni kubadilisha mstari wa kwanza na kusahau ile mingine. Dalili yake: laida inajibu ukiiita kwa ping, lakini hakuna nukta hata moja inayofika.

2. Washa kwa faili sahihi. Tumia `msg_MID360_launch.py`. Lile lenye neno rviz linavutia kwa sababu linakuonyesha picha papo hapo, ila kwa kawaida linatuma nukta kwa muundo ambao FAST-LIO, programu itakayochora ramani, haikuandaliwa kuusoma kwa laida hii. Inahitaji muundo wa Livox wenyewe, unaobeba wakati wa kila nukta, kwa kuwa laida inasogea huku inapiga. Watu wamepoteza siku nzima ya pangoni kwa mstari huu mmoja.

3. Hakiki mwendo wa data. Andika `ros2 topic hz /livox/imu`. Itoe karibu 200. Kisha `ros2 topic hz /livox/lidar`. Itoe karibu 10. Ikicheza chini ya hapo, angalia kebo na SSD kabla hujagusa programu.

4. Rekodi dakika kumi bila kukoma. `ros2 bag record -o meza1 /livox/lidar /livox/imu`. Kila nukta ina baiti 19, kwa hiyo tarajia MB 3.8 kwa sekunde, kama GB 2.3 kwa dakika kumi. Ukipata GB 1, kuna data inayodondoka njiani, na mara nyingi ni kwa sababu unaandika kwenye kadi ya SD badala ya SSD. Zima waifai ya Pi pia. Pi haina saa yake ya ndani. Ikipata mtandao katikati ya rekodi inarekebisha saa ghafla, na rekodi inakatika vipande viwili visivyoungana.

5. Inamisha laida. Mid-360 inaona nyuzi 52 juu na nyuzi 7 tu chini. Ukiisimamisha wima kwenye urefu wa kichwa, sakafu ya kwanza inayoiona iko kama mita 13 mbele yako. Inamishe nyuzi 30 kwenda mbele: mbele itaona sakafu, nyuma itaona dari. Funga kwa skrubu, usitumie utepe. Mkono ukiitikisa laida na isicheze hata kidogo, hapo umefunga.

6. Fanya zoezi zima Nairobi. Maegesho, shabaha sita, vipimo vya mkono, rekodi, uchambuzi. Msipoweza kumaliza hatua ya 13 kwa data ya maegesho, msipange safari.

7. Pangeni watu na saa. Watu wanne ndio uchache: mmoja abaki juu mdomoni, watatu waingie na mwongozaji. Wa juu apewe saa ya mwisho iliyoandikwa, kwa mfano saa tisa na nusu alasiri, na namba ya kupiga ikipita. Ndani hakuna mtandao wa simu. Tokeni Nairobi saa kumi na moja alfajiri ili muwe pangoni saa tatu. Nyani wa Suswa ni wazoefu. Chakula kibaki garini, vioo vimepandishwa. Na pango lolote linalotoa mvuke au harufu kali, au sehemu ya chini ambapo mtu anaanza kuhema bila sababu, tokeni. Hiyo bado ni volkeno.

8. Pangeni shabaha kwa jozi. Chagueni kipande cha mita 60. Wekeni jozi saba, moja kila mita 10: namba witiri kushoto, namba shufwa kulia, umbali wa mita 4 hadi 6 kutoka upande hadi upande. Kadi ifungwe kwenye chupa, chupa iwekwe juu ya jiwe lisilotikisika. Msipake rangi, msitoboe, msiandike ukutani kwa chaki. Kila kadi ione ile ya mbele yake, ya nyuma yake na ya upande wa pili. Jiwe likizuia, sogezeni kadi sasa, kwa sababu baada ya kupima haitaguswa tena. Mtu akiipiga teke chupa, vipimo vyake vyote vinarudiwa.

9. Pimeni umbali. Kwa kila jozi, pima kushoto hadi kulia. Kati ya jozi na inayofuata, pima kushoto-kushoto, kulia-kulia, na milalo yote miwili (kona hadi kona). Jumla ni vipimo 31. Weka mgongo wa mita ya leza katikati ya kadi, lenga katikati ya kadi ya pili, soma mara tatu, andika ya katikati. Kwa nini milalo? Kwa sababu dira imekataa, na pembetatu ambayo pande zake zote zinajulikana haihitaji dira kukuambia kona iko wapi. Mlalo mmoja unatosha kuchora; wa pili unakuambia kama mlikosea kuandika.

10. Pimeni urefu kwa leveli ya maji. Hii ndiyo ile ya mafundi wa mjengo, na hakuna kifaa kitakachoishinda humo ndani kwa bei yake. Jaza mpira, shikilia ncha zote mbili juu, ukague mpira wote kwa taa. Kiputo kimoja cha hewa kilichokwama kinatosha kukupa kosa la sentimita kadhaa, na hakitakuambia kwamba kipo. Gongagonga mpira hadi kipande. Halafu mmoja asimame kwenye shabaha ya kwanza, mwingine ya pili, vidole gumba vitoke kwenye ncha zote mbili, msubiri maji yatulie. Kila mmoja apime kwa futi kutoka usawa wa maji hadi katikati ya kadi yake. Tofauti ya vipimo viwili ndiyo tofauti ya urefu. Endeleeni hadi shabaha ya 14, kisha rudini kwa upande wa pili hadi ya 1. Jumla ya safari yote ikifunga ndani ya sentimita 3, sawa. Ikizidi, kuna kiputo au kuna mtu aliyesoma ncha ikiwa imezibwa.

11. Rekodi. Weka laida chini ikiwa imewaka, anza kurekodi, usiiguse kwa sekunde 10. Hapo ndipo programu inapojua chini ni wapi na kihisi kinapotoka kiasi gani. Kisha nyanyua taratibu, tembea nusu mita kwa sekunde, yaani mwendo wa mtu aliyebeba uji wa moto. Kwenye kila jozi simama sekunde 5, ukiwa mita 2 hadi 5 kutoka kwa kadi. Geuka polepole, kama unasukuma mlango mzito. Wenzako wote wawe nyuma yako au watoke kabisa; mtu anayetembea mbele ya laida huwa ukuta unaotembea. Nenda hadi mwisho, rudi, iweke pale pale ilipoanzia, sekunde 10 tena, zima rekodi. Rudia mara tatu. Rekodi moja haionyeshi kama kosa ni tabia ya mfumo au ni bahati mbaya ya siku hiyo.

12. Hakiki kabla ya kutoka. `ros2 bag info` kwa kila rekodi: muda, idadi ya ujumbe, ukubwa. Nakili kwenye diski ya pili hapo hapo. Piga picha kurasa za daftari. Kusanyeni shabaha zote 14 mkihesabu kwa sauti.

13. Chambua nyumbani. Cheza rekodi ukitumia FAST-LIO na faili lake la mid360. Hakikisha mawili: `blind` (umbali wa karibu unaopuuzwa, kwa mita) iwe 0.5 ili mwili wako usiingie ramanini, na `filter_size_surf` (kiasi cha kuchujia nukta zilizosongamana, kwa mita) iwe 0.2, kwa sababu thamani kubwa imefaa barabarani kuliko kwenye kichochoro cha mita 4. Hifadhi wingu la nukta kama faili la PCD, ulifungue kwenye CloudCompare, programu ya kutazama na kupima nukta, kisha bakisha nukta zenye mwako (intensity) zaidi ya 150. Kwenye Livox, juu ya 150 ni eneo la vitu kama reflekta. Mwamba hautafika hapo. Utaona vishada 14. Chukua kitovu cha kila kishada, usichukue ukingo, maana reflekta hutanuka kwenye data na kuonekana kubwa kuliko ilivyo.

Kusoma matokeo

Hapa ndipo wengi wanapojidanganya, kwa hiyo twende polepole.

Fungua jedwali lenye safu tatu: mkono, laida, tofauti. Anza na vipimo 31 vya umbali. Havihitaji kulinganisha wala kugeuza ramani. Umbali kati ya kadi mbili ni ule ule hata ramani ikisimama kwa kichwa. Vipimo vya kushoto-kulia vitakuonyesha kosa la kihisi chenyewe. Sentimita 2 au 3 ni kawaida, maana ndivyo laida hii ilivyo. Vipimo vya kwenda mbele ndivyo vinavyoonyesha mtelezo, yaani programu kupoteza hesabu ya hatua zako. Kila kimoja kikipungua sentimita 8 na cha kushoto-kulia kiko sawa, pango lako linafupishwa, na umeshapata jibu ambalo picha isingekupa.

Kosa linalojirudia kuliko yote ni kuamini pengo la mwanzo na mwisho. Mtu anatembea kwenda na kurudi, anaona laida imeishia sentimita 2 kutoka ilipoanzia, anaandika kwenye ripoti kwamba kosa ni karibu sifuri. Fikiria pango la mita 80 ambalo programu imelifupisha hadi 71 ukienda. Ukirudi, programu inatazama ramani ile ile iliyokwisha kuichora, inaitambua, na inarudi mita 71. Pengo ni sifuri. Kosa ni mita 9. Pengo likiwa kubwa, lina habari. Likiwa dogo, halina.

La pili ni kulinganisha ramani na vipimo kwa kutumia shabaha zote 14 kwa pamoja. Kompyuta italitawanya kosa kila mahali hadi lionekane dogo. Tumia jozi mbili za mwanzo tu, kisha uangalie jozi ya saba imeangukia wapi. Lakini usidai kisichowezekana: kosa la sentimita 2 kwenye msingi wa mita 10 linakuwa sentimita 12 ukifika mita 60. Kwa hiyo ukiona sentimita 10 kwenye jozi ya saba, huwezi kusema kama ni mtelezo au ni ulinganishaji. Ukiona 40, unaweza.

Ili kupata ramani ya mkono ya kulinganisha, geuza kila umbali wa mteremko kuwa umbali wa usawa. Mfano: mita ya leza imesoma mita 10.42, leveli ya maji imetoa tofauti ya mita 1.15. Zidisha 10.42 kwa yenyewe upate 108.576, na 1.15 kwa yenyewe upate 1.322; tofauti ni 107.254, na kipeuo chake cha pili ni mita 10.36. Fanya hivyo kwa vyote, kisha chora pembetatu moja baada ya nyingine.

Na urefu uangalie peke yake. Mifumo hii hupenda kupinda kama ndizi kwenda juu au chini, na kwa kuwa mtu hutazama ramani kutoka juu, haoni. Leveli ya maji inaona.

Ukiandika ripoti, taja pia kile ambacho pango la Suswa haliwezi kujaribu. Programu inachukulia kwamba mvutano ni ule wa dunia, 9.81 (mita kwa sekunde ya mraba); Mwezini ni 1.62, Mirihi 3.71, kwa hiyo tafuta kwenye msimbo ni wapi namba hiyo imeandikwa. Na laida inayofika mita 40 kwenye ukuta mweusi itaishiwa pumzi ndani ya pango pana sana: shimo la Mare Tranquillitatis pale Mwezini lina kipenyo cha kama mita 100, na hilo ni mdomo tu.

Mambo yakienda kombo

*Ramani imelala upande.* Hakuna kilichoharibika. FAST-LIO inachukua mkao wa kwanza wa laida kuwa ndio mhimili wake, na wewe uliiinamisha nyuzi 30. Igeuze kwenye CloudCompare.

*Ramani inaruka mwanzoni na kutawanyika.* Ulinyanyua laida kabla ya sekunde 10, au skrubu imelegea. Kata sekunde za mwanzo ujaribu tena. Isipokubali, rekodi imekwenda.

*Kuta zimetokea mara mbili.* Kwa kawaida uligeuka haraka kwenye kona. Tafuta mahali zinapoachana, ulinganishe na dakika ya kugeuka. Rekodi ile iliyotembezwa polepole itakuwa safi.

*Pango limefupishwa.* Sehemu ya ukuta ni laini kama bomba, na laida haioni kitu cha kuiambia kwamba imesonga. Inamisha zaidi ili ione mawe ya sakafuni, punguza mwendo, shusha `filter_size_surf` hadi 0.1. Kuna wanaopanga mabegi njiani ili laida ipate alama. Inasaidia, ila iandike kwenye ripoti, maana Mwezini hakuna atakayetangulia kupanga mabegi.

*Ukungu wa nukta umeizunguka laida.* Ni vumbi mlilolitimua. Simameni dakika tano litulie, na anayebeba laida atangulie, wengine wafuate kwa mbali.

*Rekodi haifunguki.* Umeme ulikatika kabla ya kuifunga, na faili la maelezo halikuandikwa. Jaribu `ros2 bag reindex` ukifuatisha jina la folda. Mara nyingi unarudishiwa karibu yote.

*Kishada kimoja cha reflekta hakionekani.* Ulipita mbali zaidi ya mita 5, au kadi iligeuka ubavu. Kwenye jedwali acha nafasi yake wazi. Usiikisie kutoka kwenye picha.

*Vipimo vya mkono vyenyewe havifungi.* Tazama kwanza milalo: mlalo mmoja ukigoma na mwingine ukakubali, ni mtu aliyesoma 9.87 akaandika 8.97. Ikigoma yote miwili ya jozi moja, chupa ilisogezwa. Jozi hiyo itoe kwenye jedwali, na shabaha zilizobaki uzichambue kama zilivyo.